Chupa ilijazwa Forodhani. Majibu yalikwenda wapi?

Ilikuwa alasiri, maji yamejaa, na vijana wa makachu walikuwa wamepanga mstari juu ya ukuta wa Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama kawaida yao. Mmoja anarudi nyuma, anakimbia, anaruka, anajikunja hewani, anazama. Wageni wameinua simu.

Pembeni, upande wa ngazi, alikuwepo kijana mwengine ambaye hakuna aliyempiga picha. Amevaa glavu, miguuni pake pana deli la buluu, na mkononi ana fimbo ndefu iliyofungwa chupa ndogo kwenye ncha. Aliiteremsha chupa mpaka ikazama, mdomo wake umeelekea kule maji yanakotoka. Akaitoa, akamwaga kidogo ili ibaki nafasi ya hewa juu, akaifunga, akaandika kitu ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, akaitia ndani ya barafu.

Mtoto mmoja, wa darasa la sita hivi, maji yanamchuruzika, akamsogelea.

"Kaka, maji hayo ya nini?"

"Ya kupima."

"Kama yana nini?"

"Kama yana uchafu."

"Na majibu tutayajua?"

Yule kijana akatabasamu. Hakuwa na dharau hata kidogo. "Majibu yanakwenda ofisini, mdogo wangu."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mstari. Zamu yake ilipofika, akaruka.

Wiki zimepita na jibu lile bado limenikaa kooni. Aliyechota maji alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya kwa uangalifu. Aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu maji yale yalikuwa yanamwingia puani, masikioni na mdomoni. Lakini kati ya chupa na mtoto pana mahali ambapo njia inakatika. Nimekuwa nikijiuliza inakatikia wapi, na kwa nini sote tumeizoea.

Kilichomo ndani ya chupa

Nilikaa na rafiki yangu mmoja anayejua kazi za maabara, nikamwomba anieleze bila kunionea huruma.

Anasema hawamtafuti mdudu wa kipindupindu mwenyewe, wala wa homa ya matumbo. Wadudu wa maradhi ni wengi, na kumsaka kila mmoja ni gharama na ni muda. Wanachotafuta ni alama ya kinyesi. Baharini alama inayoaminika ni bakteria wanaoitwa enterokoki. Makao yao ni utumbo wa watu na wanyama, na wakishaingia kwenye maji ya chumvi hudumu muda mrefu kuliko bakteria wengine wa tumboni. Ukiwakuta wengi, ujue choo cha mtu kimefika hapo, na chochote alichokuwa anaumwa huenda kimefika pamoja nacho.

Maji ya chupa hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hubaki juu yake. Chujio huwekwa kwenye kisahani chenye chakula chao, kisha kisahani hutiwa kwenye joto, siku moja au mbili kutegemea njia inayotumika. Kila bakteria aliyekuwa peke yake, asiyeonekana, huzaa mpaka akawa kidoa unachokiona kwa macho. Mtu anakaa na kuhesabu vidoa. Namba inayopatikana husemwa kwa kila mililita 100 za maji.

Nilimwuliza kama maji yanayong'aa, yale unayoona mchanga chini, yanaweza kuwa na namba mbaya.

"Sana tu," akasema. "Na maji ya tope yanaweza kuwa salama. Macho hayasaidii hapa."

Ndiyo maana ya kuwepo sheria. Macho hayasaidii, pua inasaidia mara moja moja, kwa hiyo lazima pawe na mtu aliyepewa wajibu wa kupima. Sisi Unguja na Pemba mazingira si jambo la Muungano. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 na mamlaka yetu, ZEMA. Ng'ambo ya mkondo, Tanzania Bara, wana sheria yao ya 2004 na chombo chao cha mazingira. Juu ya yote pana Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari ya ukanda wetu, ulioanza kutumika 1996, na itifaki yake ya 2010 inayohusu uchafu unaotoka nchi kavu. Karatasi hatukukosa.

Wala si kwamba hatujui bahari ya mjini ikoje. Kwa miaka mingi maji machafu ya Mji Mkongwe yamekuwa yakimwagwa baharini bila kusafishwa, kwa mabomba yanayoishia ufukweni. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa hapa Unguja tangu 1978, na watafiti wamepima mara kadhaa. Utafiti mmoja uliochapishwa 2012 ulifuata alama za kinyesi kutoka ufukwe wa mji kwenda nje, na picha ikawa ile ambayo mvuvi yeyote angeikisia: uchafu mwingi karibu na midomo ya mabomba, ukipungua kadri unavyokwenda mbali.

Makala yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la kitaaluma. Wanaorukia maji yale hawakuandikiwa wao.

Saa ya kuchota

Kilichonishtua zaidi katika mazungumzo yale ni saa.

Jua huua bakteria. Maji yaliyochotwa alfajiri na yaliyochotwa saa nane mchana, pahala pamoja, siku moja, yanaweza kutoa namba zilizo mbali sana. Halafu kuna maji kupwa na maji kujaa. Yakipwa, mtaro unamwaga kwenye maji machache, na uchafu unabaki mzito. Yakijaa, bahari inauzimua. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, husukuma na kuvuta maji mengi; maji mafu, yale madogo ya katikati, huyaacha yametulia. Wakati wa kusi mkondo hukimbilia kaskazini kwa nguvu, na kaskazi ikishika kasi yake hupungua. Mvua ya masika ikipiga usiku kucha, asubuhi karo na mitaro ya mji mzima imeshateremka.

Kwa hiyo "tumepima Forodhani" ni sentensi ambayo haijakamilika. Mlipima saa ngapi? Maji yalikuwa yanakuja au yanatoka? Mwezi mwandamo ulikuwa wa ngapi? Mvua ilinyesha lini?

Mtu akitaka namba nzuri, achague saa nzuri. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba namba isiyo na saa wala hali ya maji haiwezi kukaguliwa na yeyote, na ofisi inayojiheshimu ingetaka ikaguliwe. Mvuvi wa Malindi, ambaye hajawahi kuingia maabara, angemsahihisha mpimaji katika hili kwa dakika mbili. Hakuna anayemwuliza.

Dakika kumi za kule Southend

Nikaanza kujiuliza zile namba zenyewe zilitoka wapi. Nani aliamua kwamba enterokoki kiasi hiki ni sawa, na kiasi kile ni hatari?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2003, liliyagawa maji ya kuogelea kwa madaraja. Daraja bora haliruhusu kuzidi 40 kwa mililita 100. Ukipita 500 umeingia daraja la mwisho, ambako inakadiriwa zaidi ya mtu mmoja katika kumi ataugua tumbo kwa kuingia majini mara moja. Namba hizi zina msingi mzito. Zinategemea majaribio yaliyofanywa Uingereza kati ya 1989 na 1992 katika fukwe nne: Langland Bay, Moreton, Southsea na Southend. Watu wazima zaidi ya elfu moja, wenye afya njema, walijitolea. Waliogawiwa kuingia majini walikaa angalau dakika kumi na kuzamisha kichwa mara tatu. Maji yalichotwa pale pale walipokuwa, usawa wa kifua. Kisha wakafuatiliwa, pamoja na wenzao waliobaki mchangani, kuona nani ataugua.

Ni kazi nzuri ya kisayansi na ninaiheshimu.

Lakini dakika kumi! Mtoto wa Forodhani anaingia baada ya skuli na anatoka adhana ya magharibi ikilia. Kichwa anakizamisha kila anaporuka. Si mtu mzima. Mkulima wa mwani wa Paje au Bweleo anasimama majini kwa saa nyingi, ana mikwaruzo ya kamba na miiba ya baharini miguuni, na hakuja kuogelea. Mchokoa pweza anatia mkono kwenye shimo asiloliona ndani. Anayechota maji ya bahari kumwosha samaki kabla hajampandisha mnadani, yeye ni mwogaji? Na wale wanaoingia usiku kwa taa?

Mwongozo wenyewe unasema nchi zizingatie hali zao, na kwamba watoto huenda wakawa hatarini zaidi kuliko wale watu wazima wa kwenye majaribio. Waliouandika hawakutuficha. Kazi ya kuhesabu dakika zetu ni yetu.

Blackpool, mji uliokuwa hauna waogaji

Hapa nilipata kisa kilichonifanya niache kuiona hii kama habari ya maabara.

Mwaka 1975 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo kwamba kila nchi mwanachama itaje maji yake ya kuogelea, na iyapime. Uingereza, kisiwa kizima kilichozungukwa na bahari, mwaka 1979 ikataja fukwe 27. Luxembourg, nchi ndogo isiyo na bahari kabisa, ilitaja sehemu 39, za mito na maziwa. Katika orodha ya Uingereza Blackpool haikuwemo. Brighton haikuwemo. Hiyo ndiyo miji ambayo Waingereza kwa vizazi wamekwenda kupumzika pwani. Serikali ilijiwekea kigezo chake cha idadi ya waogaji, na kwa kigezo hicho Blackpool haikuwa pahala pa kuogelea.

Pasipokuwa pahala pa kuogelea, hapapimwi. Pasipopimwa, hapana uchafu kwenye kitabu. Na pasipo na uchafu kwenye kitabu hakuna anayelazimika kujenga mtambo wa kusafisha maji taka.

Malalamiko hayakuisha. Miaka ya 1980 orodha ikapanuliwa hadi mamia ya fukwe, na 1993 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza ilikiuka wajibu wake kuhusu maji ya Blackpool na ya Southport jirani yake. Fedha nyingi zikaja kutumika kwenye mabomba na mitambo.

Nilisoma kisa hiki usiku na nikashindwa kulala mapema. Serikali ya nchi tajiri, yenye maabara na wataalamu, haikuhitaji kughushi namba hata moja. Ilitosha kuamua nani ni mwogaji.

Tangu hapo nauliza swali moja kila ninapopita pwani ya mji: hapa pamehesabiwa? Kizingo wanapocheza mpira kisha wakajitosa majini, pamehesabiwa? Maruhubi kwenye mikoko? Funguni?

Hofu yangu juu ya ubao

Jawabu jepesi ni kusema: wekeni ubao. California sheria yao ya 1997 inafanya hivyo. Fukwe zenye watu wengi karibu na midomo ya mitaro hupimwa kila wiki kuanzia Aprili hadi Oktoba, na namba ikizidi kiwango sheria yenyewe inaamuru kibao kisimamishwe mchangani ili anayeingia asome. Wajibu wa kupima na wajibu wa kusema umeandikwa pamoja.

Nililipenda wazo hilo kwa siku chache, kisha likaanza kunitia hofu.

Nafikiria meza za Forodhani usiku, urojo, mishikaki, pweza. Ubao mwekundu hatua chache kutoka pale, na picha yake ikizunguka mitandaoni, unaweza kuwafungia watu riziki ya msimu mzima, hali wao hawana bomba lolote. Tunaikumbuka 2016, kipindupindu kilipofanya wauza vyakula wapigwe marufuku na skuli zifungwe. Wenye meza ndio waliolipa kwanza.

Halafu, kama vidoa huchukua siku nzima kuota, ubao wa leo unaeleza maji ya jana au juzi. Maji ya leo yameshabadilika mara kadhaa kwa kupwa na kujaa.

Na hofu ya tatu ndiyo inayonielemea kuliko zote. Namba ikiwa mbaya, atatafutwa wa kulaumiwa, na aliye karibu ni maskini mwenye karo linalovuja. Atapigwa faini. Bomba kubwa la mji litabaki pale pale, kwa sababu mwenye bomba na mwenye chupa wote ni serikali. Ni vigumu mtu kujipima mwenyewe na kujitangaza mwenyewe. Sioni dawa yake isipokuwa kupima kwa pande mbili, serikali na Chuo Kikuu, pahala pamoja, saa moja, na namba zote mbili zitoke hadharani hata zikitofautiana.

Nilikuwa karibu kuiacha habari hii. Nilijiambia pengine kukaa kimya ni huruma.

Aliyonambia mchokoa chaza

Asubuhi moja ya bamvua nilikuwa Maruhubi, maji yamepwa mbali, na kinamama wameinama na ndoo zao. Nikamwamkia mmoja, mtu mzima, kanga ameifunga kiunoni, ana kipande cha nondo mkononi. Anachokoa, anaingiza vidole kwenye tope, anatoa chaza, anamgonganisha na mwengine kusikia kama mzima, anatia ndooni. Aliyetoa sauti ya tope alimtupa.

Chaza hula kwa kunywa maji na kuyachuja, kutwa kucha. Kilichomo majini hujikusanya ndani yake. Ndiyo maana nchi zinazopima vizuri hupima nyama yake pia, haziishii kwenye maji. Nilitaka kumwambia haya na nikaona tabu, kwa sababu ndoo ile ndiyo kitoweo na ndiyo ada ya tuisheni.

Akanitangulia mwenyewe.

"Mwanangu, masika ikipiga mimi sishuki hapa. Nangoja maji yaje na yende, yaje na yende, mpaka yageuke."

"Nani alikufunza, bi mkubwa?"

"Matumbo ya wanangu."

Basi sheria anayo, kaijenga kwa kuuguza. Nikamwuliza kuhusu ubao. Angekasirika? Ungemfukuzia wateja? Alifikiri kidogo, nondo imesimama.

"Niandikieni. Lakini andikeni na siku. Ubao usio na siku wanitisha bure, na wanitisha daima. Ukiniambia jana palikuwa pabaya, ntakaa. Ukiniambia leo pamekuwa pazuri, ntashuka. Mimi nataka nijue, sitaki nifichwe."

Hofu yangu ilikuwa juu ya ubao unaosimama mwaka mzima, umepauka kwa jua, haujui mvua wala kiangazi. Yeye alikuwa anazungumza juu ya habari inayokuja na kuondoka kama maji yenyewe. Na ile huruma yangu ya kukaa kimya haikumsaidia chochote. Ilimwachia apime kwa matumbo ya watoto.

Hata suala la majibu kuchelewa alikuwa ameshalipatia dawa bila kujua. Kama kila baada ya mvua kubwa namba hupanda katika pahala fulani, na miezi ya vipimo ikathibitisha hivyo, huhitaji kusubiri kidoa kiote. Unatangaza mvua ikinyesha. Lakini huwezi kuujua mwenendo huo kama vipimo vya zamani vimo kwenye makabati na havijawahi kupangwa pamoja na siku za mvua na hali ya maji.

Barua

Nimeandika barua, na nimeipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, kwa sababu nilitaka ipite njia ambayo barua za watu wa kawaida hupita.

Ndani yake nimeuliza ni sehemu gani za pwani ya mji zimo kwenye orodha ya kupimwa, na nani aliamua zipi zisiwemo. Nimeomba kila namba itoke pamoja na tarehe, saa, hali ya maji na mvua ya siku mbili kabla. Nimeomba chaza wapimwe, si maji peke yake. Nimeomba majibu yafike kwa masheha kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, na yaandikwe kwa chaki kwenye ubao unaofutika: Forodhani, Maruhubi, Kizingo. Na nimeomba yanapotangazwa majibu mabaya, litajwe na bomba au mtaro ulio karibu, ni wa nani, na umepangiwa lini kutengenezwa.

Sheha aliisoma barazani, miwani imeshuka puani, taratibu, mpaka chini. Nilidhani ataniambia mambo haya si ya ngazi yake. Akachukua kalamu.

"Hapa umeuliza bahari tu," akasema. Akaandika kwa mkono wake, chini ya ombi langu la mwisho, kwamba kisima cha msikiti nacho kipimwe, kwa kuwa kipo hatua chache kutoka kwenye karo na watu wanakitumia maji ya mfereji yakikatika. Akapiga muhuri, akaniuliza kama nina nakala ya pili, yake.